Naomba ushauri: bango la maandishi matupu kuhusu Tintin

WinoMweusi:
Wakuu, habari za leo. Nasomea usanifu wa michoro na kazi ya muhula huu ni bango la A2: herufi na tarakimu tu, picha marufuku. Nimechagua Tintin, yule kijana mwandishi wa habari wa vitabu vya katuni, nimempenda tangu darasa la nne. Nimejaza wahusika, nchi, miaka, fonti sita. Mwalimu kaliangalia, akauliza, "Nianzie wapi kusoma?" Nikakosa jibu. Nisaidieni.

BiHerufi:
Mdogo wangu, futa vyote ubaki na miaka. Vitabu ni 24, cha kwanza 1930, cha mwisho 1986. Kila mwaka upe milimita 9 kushuka chini. Miaka 56 inakula sentimita 50 na ushei, A2 ina 59, kichwa na pambizo vinaenea. Jina la kila kitabu likae kwenye mwaka wake. Juu yatabanana. Chini, kati ya *Vol 714 pour Sydney* (1968) na *Tintin et les Picaros* (1976), patabaki uwazi wa sentimita 7. Usiuzibe! Hapo ndipo mtu anaona Hergé, mchoraji wake, alivyopunguza kasi.

MzeePambizo:
Na fonti iwe moja. Kapteni Haddock, rafiki wa Tintin, anaingia kitabu cha 9, 1941. Kuanzia hapo koza herufi. Cha 24 Hergé alifariki 1983 hajakimaliza, kwa hiyo herufi zake ziwe mstari wa nje tu, ndani peupe. Kabla ya kupeleka kuchapa, geuza maandishi yawe michoro, la sivyo kompyuta ya pale itakuwekea fonti yake.

MwanaLubumbashi:
Ndugu, *Tintin au Congo* usikipitishe kimya. Sisi Wakongo tumechorwa mle kama watu wasio na akili, inaniuma hadi leo. Toleo la 1931 Tintin anawaambia wanafunzi wetu nchi yao ni Ubelgiji. Hergé alipokichora upya 1946, somo likawa hesabu. Weka miaka yote miwili.

WinoMweusi:
Asanteni sana. Nimechapa vipande vinne vya A4, nikaviunga kwa selotepu, vipo ukutani. Ule uwazi unaonekana tangu mlangoni. Na 1946 imeangukia kati ya 1944 na 1948, mahali pasipo na kitabu chochote, imekaa peke yake. Niipe nyekundu?

BiHerufi:
Hapana, nyeusi ileile, ila mlazo. Tuwekee picha likitoka.

MwanaLubumbashi:
Nyeusi inatosha. Asante, ndugu.