Namna ya kumfikia mgonjwa wodini ukiwa mgeni mwenye ulemavu

Binti wa Arua:

Habari zenu, ndugu zangu. Ninaomba ushauri wa watu waliokwisha kuipita njia hii kabla yangu. Mimi ni mkazi wa Arua, nina umri wa miaka 42, na ninatumia kiti cha magurudumu tangu utotoni kwa sababu ya polio. Mama yangu alianguka akavunjika nyonga, akahamishiwa katika hospitali moja kubwa mjini Kampala, na amelazwa ghorofa ya tatu. Wiki mbili zilizopita nilisafiri kwa basi usiku kucha, karibu kilomita 500, nikiwa na mpwa wangu wa miaka 16, ili nikamjulie hali. Nilikaa naye kwa dakika kumi na moja tu.

Langoni, askari hakuniuliza mimi ninakokwenda. Alimuuliza mpwa wangu, "Mgonjwa wako ana shida gani?", na kabla hatujamaliza kujibu alikwisha kutuelekeza kwenye foleni ya wagonjwa wa nje. Zamu yetu ilipofika, karani alikuwa ameshika kalamu tayari aandike jina langu katika daftari la wagonjwa. Nilipomweleza kwamba mimi si mgonjwa, nimekuja kumwona mama, alishangaa kwelikweli, wala sikuona ubaya wowote usoni mwake. Ilikuwa tu haijawahi kumpitikia kwamba mtu aliyeketi kwenye kiti hiki anaweza kuwa na mgonjwa wake.

Muda wa kuwaona wagonjwa ulikuwa umekwisha kuanza. Lifti mbili zipo, lakini moja ilikuwa imefungwa kwa kamba, na ya pili ilifika kila mara ikiwa imejaa watu wenye vikapu na chupa za chai. Baada ya kungoja sana, vijana wawili wenye huruma walijitolea kunipandisha kwa ngazi. Tulipofika ghorofa ya pili, mmoja aliyekuwa amekishika kiti kwa kiegemeo cha mkono alibaki na kiegemeo hicho mkononi, nami nikaegemea upande mmoja hadi bega likagusa ukuta. Sikuumia. Lakini mama aliniona mlangoni nikiwa nimebebwa hivyo, akalia, akaniambia nisije tena mpaka atakaporuhusiwa kurudi nyumbani.

Nitarudi Jumamosi ijayo, maana mama ni mama. Ninachouliza ni hiki: mgeni mwenye ulemavu ajipangeje ili afike kitandani kwa mgonjwa wake akiwa na heshima yake, na akiwa na muda wa kukaa naye? Wasioona na viziwi pia nawaomba waeleze yao, kwa sababu nadhani sote tunakwama palepale.

Muuguzi wa Mbarara:

Pole sana, dada yangu, na umpe pole mama. Nimekuwa muuguzi wa wodi kwa miaka mingi, na nitakuambia mambo ambayo sisi wa ndani tunayajua lakini hatuyasemi kwa sababu hakuna anayetuuliza.

Jambo la kwanza ni simu. Mwombe ndugu anayemuuguza mama achukue namba ya muuguzi mkuu wa wodi, kisha mpigie siku mbili kabla ya safari, umweleze kwamba unakuja, kwamba unatumia kiti cha magurudumu, na kwamba unaomba kuingia nusu saa kabla ya wageni wengine. Wengi wetu tutakubali, kwa kuwa mgeni mmoja anayejulikana hatusumbui kama umati wa saa ya wageni. Mwombe pia awaarifu askari wa lango, au akutumie ujumbe wa simu wenye jina la wodi na namba ya kitanda, ambao utamwonyesha askari mara tu atakapoanza kumsemesha mpwa wako badala ya kukusemesha wewe.

Jambo la pili ni njia yenyewe. Usiulize "kuna lifti?", kwa maana utajibiwa kwamba ipo hata kama imelala mwezi mzima. Uliza hivi: "Mgonjwa aliyetoka kufanyiwa upasuaji anapandishwa wodini kwa njia gani leo?" Machela haziwezi kupanda ngazi, mitungi ya oksijeni haipandi ngazi, wala toroli ya chakula haipandi ngazi, kwa hiyo katika hospitali nyingi za ghorofa ipo njia inayotumiwa na vitu hivyo, iwe ni lifti ya nyuma au rampu, yaani njia ya mteremko isiyo na vidato, iliyo upande wa chumba cha upasuaji. Wageni hawaonyeshwi njia hiyo, lakini hakuna sababu ya kukunyima wewe.

Ukiiona rampu, itazame kabla ya kuipanda. Iliyojengwa vizuri huwa na urefu wa sentimita 12 kwa kila sentimita moja ya kimo, maana yake kimo cha sentimita 60 kinahitaji rampu ya zaidi ya mita saba. Nimeona rampu fupi zilizosimama kama paa la nyumba, na mvua ikinyesha sakafu yake huteleza. Katika rampu kama hiyo usishuke ukitazama mbele bila mtu wa kukushika. Mwambie mpwa wako akushushe kinyumenyume, taratibu.

Na ikibidi ngazi, kwa sababu siku nyingine hubidi, wewe ndiye unayetoa maagizo, si wanaokubeba. Mgongo wako uelekee juu daima, unapopanda na unaposhuka. Kiti kilazwe nyuma kidogo kisimame juu ya magurudumu makubwa. Mtu mwenye nguvu zaidi asimame juu yako akishika vishikio vya nyuma, na wa pili asimame chini akishika chuma cha fremu yenyewe. Asiguse kiegemeo cha mkono wala kikanyagio cha miguu, kwani hivyo vimetengenezwa ili vichomoke, na ndicho kilichokupata. Wapande kidato kimoja kimoja, wakipumzika kila unaposema.

Nyongeza ndogo: mikono yako inashika magurudumu, na magurudumu yamepita kwenye sakafu yote ya hospitali. Mama ana jeraha la upasuaji, au atakuwa nalo. Beba kitambaa na spiriti, ufute mahali unaposhika, kisha unawe mikono kwa sabuni kabla hujamgusa. Hatuwaambii wageni wenu hili, nasi tunakosea.

Mwalimu wa Jinja:

Binti wa Arua, mimi sioni tangu nilipokuwa na miaka tisa, na mwaka jana mke wangu alilazwa kwa majuma matatu. Nilikwenda kila siku. Nitaeleza yangu kama ulivyoomba.

Asiyeona hazuiwi na ngazi. Ngazi ni rafiki yangu, kwa sababu vidato huhesabika. Kinachonizuia ni korido. Nyote mnajua kwamba katika hospitali zetu mgonjwa hulazwa pamoja na muuguzaji wake, yaani ndugu anayemtunza, na muuguzaji hana kitanda, kwa hiyo hutandika mkeka sakafuni, na kando ya mkeka huweka beseni, jerikeni la maji, sufuria na chupa ya chai. Siku ya kwanza fimbo yangu nyeupe iliigonga chupa ya chai ya mama mmoja, ikaanguka ikavunjika kioo cha ndani, na chai ya moto ikamwagika karibu na miguu ya mtoto aliyekuwa amelala. Sauti ile ya kioo ninaisikia hadi leo. Yule mama hakunikaripia, aliniomba radhi yeye, jambo lililoniumiza zaidi, maana hakuwa na mahali pengine pa kukaa.

Tangu siku hiyo nilibadilisha mambo mawili. Kwanza, nilikuwa ninasimama mlangoni pa korido na kusema kwa sauti ya kawaida, "Habari za mchana, mimi sioni, ninaomba kupita." Ningependa nisilazimike kujitangaza hivyo mbele ya watu, lakini sauti za kusogeza mabeseni zilinionyesha njia vizuri kuliko fimbo, na baada ya siku tatu wauguzaji wale walikuwa wakiniita kwa jina la kazi yangu na kunielekeza: "Mwalimu, kushoto kidogo." Pili, nilimfundisha shemeji yangu kuongoza. Watu wengi hukukamata mkono na kukusukuma mbele kama toroli. Sivyo. Mimi ndiye ninayemshika yeye, juu kidogo ya kiwiko, naye anatangulia nusu hatua, ili mwili wake unieleze panapopinda na panaposhuka.

Ukifika kitandani, mwombe mgonjwa au muuguzi akueleze kilichopo: chuma cha dripu kiko upande gani, mpira unaingia mkono upi, jeraha liko wapi. Niliogopa sana kumshika mke wangu mahali pabaya. Alipouchukua mkono wangu na kuuweka mwenyewe begani pake, ndipo nilipoketi.

Baba Kiziwi, Masaka:

Ninaandika kwa ufupi. Ushauri wa muuguzi wa Mbarara ni mzuri, ila simu kwangu haifai. Ninatuma ujumbe wa maandishi, na wodi nyingi hazina namba inayopokea ujumbe. Kwa hiyo ninatanguliza mtu na barua.

Tatizo langu kubwa lilikuwa wodini kwenyewe. Nilikuwa nikimuuguza mwanangu mwenye malaria kali. Daktari anapopita, au dawa zinapogawiwa, muuguzi husimama mlangoni akaita namba ya kitanda. Mimi sikusikia. Jioni moja niligundua kwamba tumerukwa, na kwamba mtoto ameandikwa kuwa hakuwepo. Nilichukua boksi tupu la dawa nikalikata, nikaandika kwa wino mzito "MZAZI NI KIZIWI, MGUSE BEGA AU MWANDIKIE", nikalifunga kichwani pa kitanda kwa uzi. Hatukurukwa tena.

Katiba yetu ya 1995, katika malengo yake ya kitaifa, inataka lugha ya alama ikuzwe. Miaka imepita mingi, na mimi bado ninategemea boksi. Anayekwenda hospitali na awaulize Chama cha Viziwi cha Uganda kama mkalimani anaweza kupatikana, hasa siku ambayo daktari anaeleza upasuaji na mtu anatakiwa kutia sahihi. Siku hiyo boksi halitoshi.

Mzee wa Kasese:

Nimesoma yote kwa makini, na ninawashukuru. Hata hivyo, ninatofautiana kidogo na muuguzi wetu. Ushauri wake utamfikisha dada huyu kitandani kwa mama yake Jumamosi, na hilo ndilo la kwanza. Lakini tukiishia kuomba mlango wa nyuma, atakayekuja Jumatatu ataanza upya kwenye foleni ya wagonjwa wa nje.

Kifungu cha 35 cha Katiba kinasema kwamba watu wenye ulemavu wana haki ya kuheshimiwa utu wao. Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu mnamo Septemba 2008, na kifungu cha 9 cha mkataba huo kinahusu kufikika kwa majengo, hospitali zikiwa zimetajwa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020, iliyochukua nafasi ya ile ya 2006, nayo inadai majengo ya umma yafikike. Hakuna mahali ambapo sheria hizi zinasema kwamba haki hiyo ni ya mgonjwa peke yake.

Najua nitaambiwa kwamba majengo ni ya zamani, nami ninakubali. Hospitali ya Mengo ilianza 1897, jengo kubwa la hospitali ya Mulago ni la 1962, na hospitali kongwe za Kampala karibu zote ziliwekwa juu ya vilima, mahali ambapo hata mwenye miguu mizima hufika akihema. Lakini kuifungua kamba ya lifti hakuhitaji jengo jipya, wala kumwelekeza askari aseme na mtu mwenyewe hakuhitaji bajeti. Tunayo hapa nchini hospitali ya CoRSU, pale Kisubi, barabara ya Entebbe, iliyofunguliwa 2009 kwa ajili ya upasuaji na tiba ya watu wenye ulemavu. Hakuna atakayesema kwamba jambo hili haliwezekani Uganda.

Dada, ukirudi, andika barua ya ukurasa mmoja kwa mkurugenzi wa hospitali. Taja tarehe, saa, lifti ipi, ghorofa ipi, na kiegemeo kilivyochomoka. Usitukane mtu. Omba jibu kwa maandishi, na nakala uipeleke kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Lisipopatikana jibu, Tume ya Fursa Sawa ina mamlaka ya kusikiliza malalamiko ya ubaguzi.

Binti wa Arua:

Ndugu zangu, nimerudi Arua jana, na ninadaiwa nanyi taarifa.

Muuguzi mkuu wa wodi alipokea simu siku ya Alhamisi. Aliniuliza upana wa kiti changu, swali ambalo sijawahi kuulizwa na mtu yeyote wa hospitali, kisha akasema nipitie upande wa chumba cha upasuaji saa tano na nusu asubuhi. Langoni askari alianza tena na mpwa wangu, nilimnyooshea simu yenye ujumbe, akausoma, akainama kidogo, akaniambia mimi, "Karibu, mama." Lifti ya nyuma ni ya machela, ni pana, na mle ndani tulikuwa sisi wawili na mfanyakazi mmoja mwenye mitungi. Korido ilikuwa na mikeka kama alivyoeleza Mwalimu. Nilisalimu, nikaeleza kwamba kiti changu hakiwezi kuruka, na wakasogeza.

Nilikaa na mama kwa saa mbili na dakika arobaini. Nilinawa mikono, nikamchana nywele na kuzisuka mistari minne, kwa kuwa tangu alazwe hakuna aliyemsuka. Alinihoji njia niliyopanda nayo, akataka nimweleze mara mbili.

Barua nimeiandika, Mzee, na ndani yake nimeomba mambo mawili tu: kibao langoni kinachoonyesha njia ya lifti ya nyuma, na lifti ya mbele itengenezwe. Mpwa wangu ataipeleka kwa mkono Jumatano, na atasubiri wamgongee muhuri kwenye nakala yetu.