Tupeane uzoefu: insulini ya mtoto kijijini, mbali na friji

Habari za jioni wapendwa. Binti yangu ana miaka 9, ana kisukari aina ya kwanza. Tuko Kongwa ndani ndani, umeme haujatufikia. Insulini anapewa bure kupitia mpango wa Changing Diabetes in Children, ulioanzishwa na Novo Nordisk ya Denmark mwaka 2009. Bila huo tungeshamzika. Ila dawa ikishatoka kliniki, nabaki nayo mwenyewe. Mwezi wa kumi, joto lenyewe mnalijua, niliweka begi karibu na injini ya basi. Siku zilizofuata nachoma, sukari haishuki, mpaka mashine ya kupimia ikaacha kutoa namba, sukari imepita kipimo chake. Wenzangu mnahifadhije? Na stripu za kupimia sukari zikiisha kabla ya tarehe ya kliniki?

*Mama wa Chamwino:*
Pole sana dada. Tafuta vyungu viwili, kidogo kiingie ndani ya kikubwa, katikati jaza mchanga. Mwagia mchanga maji asubuhi na jioni, funika kwa kitambaa kibichi. Dawa ikae kwenye kopo lenye mfuniko isilowe. Kiweke kivulini penye upepo, usikifungie kabatini. Hapa Ugogoni hewa ni kavu, maji yanakauka haraka na chungu kinapoa kweli. Dada yangu wa Tanga kajaribu, kule unyevunyevu ni mwingi, hakikupoa hivyo.

*Baba wa Kondoa:*
Wangu ana selimundu. Zamani akishikwa na maumivu ni safari ya Dodoma mjini, mtoto analia njia nzima. Siku hizi anaonwa hapa hapa Kondoa, kwenye kliniki ya PEN-Plus, mkakati ambao nchi za Afrika ziliupitisha Lomé, Togo, Agosti 2022, ili selimundu, kisukari aina ya kwanza na moyo wa rumatiki (moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi) vihudumiwe hospitali za wilaya. Nesi anamjua mwanangu kwa jina. Tusipotokea, anapiga simu.

*Nesi mstaafu, Mpwapwa:*
Baba Kondoa, hiyo simu ni dawa. Nilikuwa na kijana wa moyo wa rumatiki, sindano ya penisilini kila wiki nne. Masika makorongo yakajaa, akakosa tatu mfululizo. Aliporudi, homa ya baridi yabisi ilikuwa imemrudia, miguu imevimba, analala ameketi. Nililia. Baadaye tukapanga achomwe zahanati ya kijijini kwao, na mhudumu wa afya wa kitongoji amkumbushe. Hakukosa tena. Wafadhili niliowapokea waliuliza dozi ngapi zimetoka. Mama alifikaje, nauli kapata wapi, hilo sikuulizwa hata mara moja, na linaniuma mpaka leo.

*Mdau wa Bahi:*
Mdogo wangu kapandikizwa figo hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, huduma iliyoanza 2018 wakishirikiana na madaktari wa Tokushukai kutoka Japani. Tunashukuru mno. Lakini figo ziliuawa na presha ambayo kijijini hakuna aliyempima.

*Mwenye mada:*
Asanteni. Vyungu nimenunua jana Kibaigwa, mchanga ninao. Bado stripu.

*Mama wa Chamwino:*
Sisi tunapima asubuhi kabla ya kula na usiku kabla ya kulala. Akitetemeka au akitoka jasho tunapima tena, hapo usibanie stripu hata kidogo. Kila namba naiandika kwenye daftari. Daktari alipolisoma akaona usiku sukari inashuka sana, akapunguza dozi ya jioni, akatuongezea na paketi moja. Nenda na daftari, dada.