Cronje hayuko Ufaransa, nitafute wapi?

MamaTisa: Wadau hamjambo. Mume wangu ni wa Paarl kule Afrika Kusini, wao ni akina Cronje, na nyanya yake kila Krismasi ni hadithi ile ile, sisi ni Wahugenoti, yaani Waprotestanti wa Ufaransa, tulikimbia kwetu kwa ajili ya dini. Sasa nimejitwika kumwandikia nasaba ya ukoo akitimiza miaka 80, wiki mbili nimo kwa rejista za Ufaransa mtandaoni, Cronje hata mmoja hakuna. Anatupiga fiksi ama ni mimi sijui kutafuta?

KaraniMstaafu: Hutampata huko mama, hilo jina limezaliwa Cape, huko huko Afrika Kusini. Kwao waliondoka wakiitwa Cronier. Mfalme Louis wa 14 alifuta Amri ya Nantes, ile iliyowapa Waprotestanti ruhusa ya kuabudu, mwaka 1685, watu wakatoroka, na kuanzia 1688 Waholanzi wakawapeleka wachache kwa meli wakawapa mashamba huko huko Paarl na Franschhoek. Sasa karani Mholanzi anasikia Kifaransa, anaandika alichosikia. Mimi nimekaa mapokezi miaka 30 naijua hiyo, mtu anakwambia Mwanajuma unaandika Mwajuma, na mwanawe anakuja na cheti cha Majuma. Ndo Retif akawa Retief, Le Clercq akawa de Klerk, Pinard eti ndo Pienaar wa leo! Achana na herufi, litamke kwa sauti halafu jaribu kila namna ambayo asiyejua Kifaransa angeliandika, Cronie, Kronje, Kronier.

Ochi_Leiden: Mzee kamaliza, naongeza la miji tu. Ukikuta ametoka Rijssel usihangaike na ramani ya Uholanzi, ni Lille hiyo, Doornik ni Tournai, Kales ni Calais. Waloni, yaani wasema Kifaransa wa pande hizo, walianza kumkimbia Duke wa Alba, jenerali wa mfalme wa Uhispania, tangu 1567, kwa hiyo ukoo unaweza kukaa hapa Leiden Uholanzi au Canterbury Uingereza miaka mia kabla ya kupanda meli, na mtu mmoja anakuwa na jina la Kifaransa kanisani kwa Waloni na la Kiholanzi kwingine. Wapo waliotafsiri kabisa, Dubois akawa van den Bosch. Halafu angalia hizo injini zinazotafuta majina yanayosikika sawa, nyingi zinashikilia herufi ya kwanza, ukiandika C haikuletei K. Philippe de Lannoy wa hapa Leiden alivuka kwenda Marekani 1621, uzao wake ni Delano, ndo Delano wa Rais Roosevelt, ukimtafuta kwenye L utakesha.

binti_mrima: Dada samahani kwa swali, mumeo ni Mzungu ama mchanganyiko? Maana majina haya Cape wanayo pia watu waliotoka kwa watumwa wa mashamba hayo hayo, jina linaweza kuwa la bwana shamba. Usiishie kwa baba, soma jina la mama na mashahidi wa ubatizo. Ukiona "van Mosambiek" au "van Madagaskar" hapo si jina la ukoo, "van" ni "kutoka", ni alikotolewa mtumwa.

MamaTisa: Mchanganyiko. Na nyanya upande huo hajawahi kuutaja hata siku moja. Nimejaribu Cronier sasa hivi, wamejaa! Hilo la mashahidi nitamuuliza Jumapili nikishamwekea chai, si swali la simu hilo.