Mtoto kauliza: kama Yesu ni taa ya wavuvi, mbona dagaa wanaoifuata ndo wanaovuliwa?

mama_kibirizi

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naomba msaada hasa kwa walimu wa watoto na wavuvi waliookoka kama mpo humu. Sisi tunakaa Kigoma mjini huku upande wa Kibirizi, mume wangu anavua dagaa Ziwa Tanganyika, kwa hiyo wanangu taa wanaijua vizuri sana, wamekua wanaona betri zinachajiwa mchana na dagaa wanaanikwa asubuhi. Sasa Jumapili mhubiri wetu alifundisha kuhusu nuru, na alifundisha vizuri tu, akasema Yesu ni kama zile taa za ziwani, usiku giza lote lile ila dagaa wakiona mwanga wanaacha kilindi wanapanda juu wanakusanyika, na sisi hivyo hivyo tutoke gizani tumfuate. Kanisa zima tuliitikia amina. Mi mwenyewe nilibarikiwa, maana usiku wa giza ukisimama mlimani ukaziona taa zilivyojipanga kuelekea upande wa Kongo kweli moyo unafurahi.

Jumatatu tunachambua dagaa, huyu wa darasa la tatu akaniuliza, mama, dagaa wakishafika kwenye taa si ndo kina baba wanawainua na wavu? Nikamwambia ndio. Akasema sasa si bora wangebaki tu kule chini gizani?

Nilikosa jibu kabisa. Kumwambia mhubiri kakosea sikutaka, maana sioni kama kakosea. Kumkemea mtoto nako sikutaka maana anachosema ni kweli tupu, ndicho baba yake anachofanya na ndicho tunachokula. Nikamwambia ngoja nitakujibu, na kila siku ananikumbushia. Nimjibuje asije akakua na wazo kwamba ukimfuata Yesu unanaswa? Sihitaji jibu la kumnyamazisha, nataka jibu la kweli.

dada_ujiji

Mama hongera una mtoto anayesikiliza mahubiri, wengine wetu wanalala. Mi ningemwambia mfano ni mfano tu, unachukua pale unapofaa mengine unaacha. Ila ni kweli mtoto hatatosheka na hilo jibu, na mimi pia halinitoshi. Nafuatilia.

mwanakasulu

Shalom. Huyo mtoto Roho Mtakatifu kamtumia, msimchukulie kirahisi. Someni 2 Wakorintho 11:14, Shetani mwenyewe hujigeuza awe mfano wa malaika wa nuru. Ile taa ya ziwani ni mwanga wa uongo, inawaka kwa ajili ya kuvua na haina kingine inachowapa dagaa. Na ndo vijana wetu wanavyonaswa, anaona mwenzie kapata hela ya haraka ya kubeti, anaona picha za maisha ya Dar kwenye simu, anauza shamba la michikichi aliloachiwa na baba yake anakwenda, na akifika kule hakuna kitu, alivutwa na mwanga tu. Yohana 1:9 inasema kulikuwako Nuru HALISI, maana yake zipo na ambazo si halisi. Mwambie mtoto aliona sawasawa, si kila kinachowaka ukifuate. Mimi mfano huu ningeuhubiri hivyo na si vinginevyo.

mama_kibirizi

Asante mtumishi, umenipa kitu na hiyo ya kubeti ni kweli tupu huku kwetu. Lakini fikiria na upande wangu. Mwenye taa ni baba yake. Nikimwambia taa ni ya Shetani, mtoto wa miaka ile ataelewa nini kuhusu baba anayerudi kaloa baridi asubuhi kaleta mboga na ada? Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane, hapa nyumbani walijua hizo taa maana yake nini, maana hazikuwaka na sufuria nayo ikapungua. Sitaki aione kazi ya baba yake kama dhambi.

mwanakasulu

Hapo nimekuelewa mama, sikuliangalia kwa upande wa mtoto wa mvuvi. Tusikie wengine.

mvuvi_mstaafu

Bwana asifiwe binti yangu. Nimevua hilo ziwa tangu tunatumia karabai za mafuta ya taa, tukaja kwenye jenereta, mpaka sasa vijana wana betri na sola. Siku hizi niko nyumbani nasali na kulea wajukuu. Nianze na dagaa mwenyewe kwanza maana naona watu mnahubiri dagaa ambaye hamjamuangalia.

Mtoto kasema si bora wangebaki chini. Mwambie chini hakukaliki. Ziwa letu lina kina karibu mita 1,470, ni la pili kwa kina duniani, lakini samaki hawakai ziwa zima. Ukishuka mita kama 100 huku kaskazini, au 200 kule kusini, maji yale hayana hewa, samaki akienda anakufa. Hivyo dagaa ana tabaka jembamba tu la juu. Mchana anashuka kujificha, usiku anapanda kutafuta chakula, na anapanda taa iwepo isiwepo. Vijidudu vidogo anavyokula vinakuja kwenye mwanga, yeye anavifuata, na mgebuka, samaki mkubwa anayekula dagaa, anamfuata yeye. Ndo maana kwenye wavu wa dagaa unakuta na migebuka. Kwa hiyo hata gizani alikuwa analiwa, mgebuka hana taa na anakula. Huyo dagaa hakutoka kwenye usalama akaja kwenye hatari, alikuwa hatarini toka mwanzo. Hilo peke yake ni neno, maana watu wengi wanasema bora nibaki nilivyo sijaokoka kuna amani, amani gani, hujaona tu kinachokuja nyuma yako.

La pili, muulize mtoto kwa nini baba yake haendi ziwani usiku wa mbalamwezi. Atakujibu fasta maana hizo siku baba yupo nyumbani. Mwezi ukipevuka taa haina nguvu, unawasha mpaka betri inaisha dagaa hawakusanyiki, wametawanyika maana mwanga upo kila mahali. Kwa hiyo mtumishi wa Kasulu hakukosea, ule wa taa ni mwanga wa kuvutia, lakini unavutia penye giza tu. Mtu ambaye mwanga umemwangazia pande zote humvuti kwa kibatari. Hii ndo nuru halisi ya Yohana 1. Yesu ningemlinganisha na mwezi mpevu kabla sijamlinganisha na taa ya betri, na hapo hujamgusa baba wa mtu.

La tatu ndo kubwa kwangu. Soma Luka 5. Petro na wenzake wamevua usiku kucha hawajapata kitu, wameshaosha nyavu. Sisi tunajua kuosha wavu maana yake nini, maana yake kazi imekwisha, unawaza kulala. Yesu anamwambia tweka mpaka kilindini mshushe nyavu, mchana kweupe! Hakuna mvuvi wa dagaa hapa Kibirizi wala Katonga wala Ujiji utakayemwambia ashushe wavu saa nne asubuhi akakubali, atakuona hujui kazi. Petro alijua hivyo ndo maana akasema tumefanya kazi ya kuchosha usiku kucha tusipate kitu, LAKINI kwa neno lako nitazishusha nyavu. Na samaki wakajaa mpaka nyavu zikaanza kukatika. Hapakuwa na taa hapo. Yesu akiita hahitaji kukuwekea kitu cha kukudanganya gizani, anakuita jua likiwaka unamwona, unajua unakwenda wapi, na alishasema wazi kwamba kuna msalaba. Mvuvi anaficha wavu chini ya mwanga. Yesu hakuficha kitu.

dada_ujiji

Mzee wangu ubarikiwe!! hiyo ya mbalamwezi sijawahi kuisikia kanisani hata mara moja na nimezaliwa hapa hapa ufukweni. Swali moja tu, maana mtoto wa mama kibirizi lazima atauliza: hao samaki wa Petro nao si waliliwa?

mvuvi_mstaafu

Waliliwa binti yangu, au waliuzwa. Lakini angalia Luka anamfuata nani. Hawafuati samaki, anamfuata Petro. Petro ndo anaanguka magotini kwa Yesu, Petro ndo anaambiwa usiogope, tangu sasa utakuwa ukivua watu, na mwisho wanafikisha vyombo pwani wanaacha vyote wanamfuata. Lundo lile lote wameliacha, mvuvi gani anaacha lundo! Sisi tukisoma tunajiweka upande wa samaki kwa sababu ya ule mfano wa taa. Mtoto wa mvuvi mweke ndani ya mtumbwi pamoja na Petro, huko ndo kwao.

katekista_tbr

Tumsifu Yesu Kristo. Niko Tabora, huku hatuna dagaa wabichi, wanatufikia wakavu kwa treni na malori kutoka kwenu na tunawapenda sana. Nafundisha watoto wa komunio ya kwanza na swali kama hili nimekutana nalo mara nyingi kwa mifano mingine.

Kwanza dada usiogope mfano mmoja kuwa na sura mbili. Biblia yenyewe inafanya hivyo. Simba ni Ibilisi angurumaye katika 1 Petro 5:8, na simba huyo huyo ni Bwana wetu, Simba wa kabila la Yuda, Ufunuo 5:5. Chachu ni ufalme wa mbinguni Mathayo 13:33, halafu sura ya 16 ni mafundisho ya Mafarisayo ya kujihadhari nayo. Kwa hiyo mhubiri wako alichukua upande mmoja wa taa na mtumishi wa Kasulu kachukua wa pili, wote wana haki. Tatizo linakuja pale mwalimu asipomwambia mtoto leo ninachukua upande upi. Watoto wanauchukua mfano mzima mzima, hasa wakiwa wanakifahamu kile kitu. Ukimfundisha mtoto wa Kigoma kuhusu mizabibu anaitikia tu, ila ukimfundisha kuhusu dagaa anakukagua.

Ila mimi nikisoma swali la huyo mtoto naona ameuliza kitu kikubwa kuliko sisi tunavyojibu. Ameona kwamba pale kwenye taa kuna anayekufa na kuna anayekula. Anayekufa ni dagaa aliyefuata, anayekula ni mwenye taa. Sasa mwambie kwa Yesu imegeuzwa. Mwenye nuru ndiye aliyekufa, waliomfuata wakapata uzima. Yohana 10:11, mchungaji mwema huutoa uhai wake kwa ajili ya kondoo. Na Yohana 6:51 anasema mimi ndimi chakula chenye uzima kilichoshuka kutoka mbinguni. Chakula, dada! Kwenye meza yenu Yesu hafanani na taa, anafanana na dagaa. Nasema hivi kwa heshima kubwa kabisa. Mtoto wako ameshiba jana kwa sababu kuna kiumbe kilichotoa uhai wake usiku, na yeye mwenyewe amekaona hako kasamaki akakahurumia moyoni. Hiyo huruma usiizime, ndiyo inayompeleka msalabani. Tofauti mwambie pia, dagaa hakuchagua, Bwana alichagua mwenyewe.

Wakristo wa kwanza walikuwa wanachora samaki kama alama yao, mpaka kwenye makaburi ya chini ya ardhi kule Roma alama hizo zipo. Mwache achore, mpe karatasi. Watoto wa huku wakichora wanauliza maswali mengi kuliko nikiwasomea.

mwanakasulu

Katekista mimi ni mlokole na wewe Mkatoliki, hapo umenifundisha. Imegeuzwa. Sikuwaza.

mama_kibirizi

Nimesoma yote nikamsomea na mume wangu alipoamka. Aliposikia ile ya Luka 5 kushusha nyavu mchana akakaa kimya halafu akasema ni kweli, asingeshusha. Anasema hiyo habari ameisikia toka utotoni na hakuwahi kuwaza ilikuwa mchana.

Mzee wangu nina ombi, la "mwanga wa kuvutia penye giza" nitalihifadhi mpaka akue kidogo aanze kutembea na wenzake, kwa sasa naona ya katekista na ya Petro zinamtosha kwa umri wake. Nimekosea?

mvuvi_mstaafu

Hujakosea hata kidogo. La mbalamwezi mwachie baba yake. Siku akiwa nyumbani mwezi umepevuka watoke nje wote wawili amuulize mtoto kwa nini leo hatujaenda ziwani, yeye ndo mwenye taa, akimwambia yeye mtoto atalishika kuliko akiambiwa na mimi au na mhubiri. Na wewe kaka wa Tabora Mungu akubariki, nimevua dagaa maisha yangu yote na jana usiku wakati wa kula nilishindwa kuomba ile sala yangu ya haraka haraka.

mama_kibirizi

Sawa mzee. Mwezi unapevuka wiki ijayo atakuwepo, nimeshamwambia na amekubali, ila kaniomba nimtafutie na hiyo mistari ya simba na chachu aisome mwenyewe kwanza maana anamjua mtoto wake, hataishia swali moja.