Kilima kina nundu mbili, kilele halisi ni kipi?

Jiwe_Tupu (Kilolo)

Wakuu, kamwene.

Naomba msaada wa watu wa ramani, maana huku nyumbani tumefika mahali pa kununiana. Marehemu babu alipowagawia wanawe shamba aliacha karatasi moja ya daftari, kwa penseli: mpaka uanzie kijitoni, upande hadi kilele cha kilima. Basi. Sasa kilima chenyewe kina nundu mbili. Ya kusini ni jiwe tupu lililochongoka, ukikaa juu yake miguu inaning'inia. Ya kaskazini imelala kama mgongo wa ng'ombe; baba mdogo aliipanda misindano mwaka 2004 na leo ni msitu mzito. Kutoka moja hadi nyingine ni kama mita 300.

Sisi tunasema kilele ni jiwe. Baba mdogo anasema ni kwenye misindano yake. Katikati kuna miti iliyofikia kuvunwa, ndiyo maana hakuna anayecheka.

Mwanawe yuko chuo, kaja na ushahidi. Kachukua namba za gridi za ile pembetatu, alama ya kituo cha wapimaji, kwenye ramani ya zamani ya 1:50,000, kaziingiza kwenye simu, simu ikatupeleka moja kwa moja misindanoni. Halafu kapakua data ya mwinuko ya satelaiti, ya Copernicus (mradi wa Ulaya), inaonyesha kaskazini imezidi kwa mita 7. Simu yangu nayo ni kituko: programu moja inasema niko mita 1,871, nyingine 1,888, na mimi nimekaa jiwe lilelile.

Mimi ni fundi cherehani, vipimo vyangu vinaishia kwenye futi kamba. Lakini jicho langu linakataa. Nisaidieni.

Mtu_wa_Makambako

Fyekeni misindano, kilele kitajitokeza chenyewe. Natania mkuu, usimwonyeshe baba mdogo. Nakaa hapa wajuzi waje.

Bikoni_Kutu

Fundi, nimebeba stendi za wapimaji milimani tangu nikiwa kijana, na kesi yako ni tamu.

Anza na ramani. Zile za 1:50,000 zilichorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kutaja mahali kwa namba. Simu yako inatumia mfumo mwingine, WGS84. Namba zinafanana sura tu. Ukizichukua kwenye gridi ya zamani ukaziingiza kwenye simu bila kuzigeuza, utapelekwa takriban mita 300 kaskazini ya mahali penyewe, na kidogo magharibi. Sasa rudia kusoma ulichoandika: nundu zenu zimeachana mita ngapi? Kijana hakudanganya, amepotea kama tulivyopotea wengi GPS za mkononi zilipoingia. Pembetatu ile iko kwenye jiwe lenu. Ila usiruke kwa furaha, wapimaji walikuwa wanachagua mahali panapoonekana kutoka mbali, si lazima pawe juu kuliko kote.

Data ya Copernicus ilikusanywa na satelaiti za rada kati ya 2011 na 2015. Palipo na msitu, rada ile kwa sehemu kubwa inarudi kutoka kwenye majani, haifiki udongoni. Mwambie kijana apakue na SRTM, ile ya Wamarekani waliyoipima kwa chombo cha anga cha Endeavour Februari 2000, kwa siku 11. Baba yako mdogo kapanda 2004. Yaani SRTM ilikiona kilima kabla hakijavaa nguo! Weka namba za nundu zote mbili kwa data zote mbili. Kaskazini ikionekana imepanda ghafla ikaiacha kusini, hiyo ni misindano, si ardhi.

Hata SRTM usiiapie. Kila kipande chake ni kama mita 30 kwa 30 na kinapewa namba moja. Jiwe lililochongoka linahesabiwa pamoja na miteremko yake, linashushwa. Mgongo wa ng'ombe haupotezi kitu. Na kosa la mita kadhaa kwa data hizi ni jambo la kawaida.

Zile 1,871 na 1,888 zisikusumbue. Programu moja inahesabu kutoka kwenye umbo la dunia la kihesabu, nyingine kutoka usawa wa bahari, na huko kwenu viwili hivyo vimeachana zaidi ya mita kumi. Kosa hilo liko sawa kwenye nundu zote mbili, linajifuta. Lisilojifuta ni GPS ya simu yenyewe kupepesuka, na chini ya miti ndiyo usiseme.

Dawa yako anayo fundi mwashi: mpira wa pima maji, ule unaoonyesha maji ndani. Funga ncha zake kwenye vijiti viwili vilivyoachana mita moja, tia maji yenye rangi, toa mapovu yote (povu moja linaharibu kazi). Simama kwenye jiwe, chungulia juu ya maji ya ncha zote mbili kuelekea kaskazini. Kule awepo mtu ameshika kitambaa usawa uleule wa jicho lako kutoka chini. Halafu mhamie ng'ambo mpime kurudi, makosa ya mpira yatafutana. Mviringo wa dunia kwa mita 300 haufiki hata sentimeta moja, usikuumize kichwa.

Mama_Pareto (Makete)

Sisi huku, mlima wetu Mtorwi tunaambiwa ni mita 2,961 na mlima Rungwe 2,960, basi watani wa Tukuyu hawalali. Hata Kilimanjaro ile 5,895 ni ya mwaka 1952. Walipopima kwa GPS mwaka 1999 wakapata 5,892.

Lakini mwanangu, babu yako hakuwa na satelaiti. Kaulize wazee waliobaki yeye alikuwa anaita wapi kileleni. Hilo ndilo la kwenye karatasi.

Jiwe_Tupu (Kilolo)

Nimerudi. Shikamoo Mama Pareto, na wewe Bikoni Kutu kama umri unaruhusu.

SRTM: kaskazini iko chini kwa mita 1. Copernicus ile ile: juu kwa mita 7. Kijana kanyamaza, kisha kacheka mwenyewe. Namba za ramani baada ya kuzigeuza zimetua kwenye jiwe, na tumekwangua kuvu tukakuta kipande cha chuma.

Jumamosi tukapima kwa mpira. Shangazi alisimama misindanoni na khanga nyekundu, tukakata matawi mawili ili aonekane. Kutoka jiweni, mstari wa maji ulipita juu ya khanga, ukapotelea kwenye matawi. Kutoka kwake, ukagonga jiwe chini ya nilipokuwa nimesimama. Tukakadiria mita moja na nusu, jiwe juu.

Kuhusu wazee: bibi yetu mmoja kasema babu alikuwa anakwenda kuanika mahindi "kileleni", na mahindi hayaanikwi kwenye udongo wenye majani.

Baba mdogo kasikiliza yote, akauliza kama tumehesabu kichuguu. Kweli kipo, katikati ya misindano yake. Nimekwenda na futi kamba: mita moja na sentimeta kumi. Kasema tusubiri masika, mchwa bado wanajenga.