Nakwama 1024 kila mara, mnaofika 2048 mnafanyaje?

Gumba_Tupu

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba msaada kwenye mchezo wa 2048, ule wa vigae vya namba kwenye gridi ya 4 kwa 4: unavisukuma vyote kwa pamoja upande mmoja, 2 na 2 zikigongana zinakuwa 4, 4 na 4 zinakuwa 8, unaendelea hivyo kupanda. Nilianza kuucheza kutuliza kichwa watoto wakishalala, kwa sababu hauna saa inayokukimbiza wala adui wa kumpiga. Sasa umeacha kunituliza. 512 naipata bila jasho, 1024 naipata kwa kubahatisha, halafu ghafla gridi imejaa 2, 16, 4, 8, 2, hakuna kinachoungana na chochote, mchezo umekwisha. Habari ya kuweka kigae kikubwa konani naijua, changu nakiweka chini kulia. Kuna jambo la zaidi ya hapo, au ni bahati ya vigae vinavyoletwa? Tafadhali msiniambie "fanya mazoezi".

nusu_macho

Mkuu, mimi ni chini, kulia, chini, kulia, hata skrini siiangalii vizuri. Ikigoma nasukuma kushoto mara moja, naendelea. 512 naipata huku nikitazama mpira. Bahati tu hiyo, usijiumize.

Safu_ya_Chini

Ndugu nusu_macho, njia yako inafika 512 na huwa inafia hapohapo. Bahati ipo, sikatai: kigae kipya ni 2 mara 9 kati ya 10, na 4 mara hiyo moja iliyobaki, tena kinaangukia nafasi yoyote iliyo wazi. Ila anayekwama 1024 hajaangushwa na bahati. Ameishiwa nafasi.

Gumba_Tupu, fanya hesabu hii. Kabla ya 2048 kutokea, kuna wakati inakubidi uwe umeshika 1024, 512, 256, 128, 64, 32, 16, 8 na 4, vyote kwa pamoja, ukisubiri 4 nyingine ije kuanzisha mporomoko. Ukiihesabu na hiyo inayosubiriwa, ni vigae 10 kati ya nafasi 16. Zinabaki sita tu za kupumulia. Ukiwa na 64 iliyopotelea juu kushoto na 32 iliyobanwa katikati, hizo sita zinakwisha kufumba na kufumbua. Kona peke yake haikuokoi. Kinachookoa ni mpangilio: safu ya chini, ukianzia kwenye kona yako kuelekea kushoto, iwe 1024, 512, 256, 128. Kisha upande juu ya 128 na kurudi kulia: 64, 32, 16, 8. Wachezaji wanauita nyoka. Hapo kila kigae kimelala jirani na mwenzake anayefuata, na safu mbili za juu zinabaki karibu wazi kwa kazi ndogondogo.

Halafu kuna hili ambalo watu hulisikia wakalipuuza: safu ya chini lazima iwe IMEJAA. Chukua 8, 32, 128, 512. Imejaa na hakuna pacha, yaani namba mbili sawa zilizo jirani, kwa hiyo sukuma kushoto, sukuma kulia, haitikisiki, wewe unachezea juu kwa raha zako. Sasa ondoa ile 8, nafasi yake ibaki wazi. Ukisukuma kushoto mara moja tu, 512 imetoka konani na kigae kipya kinaweza kukaa mahali pake. Ndiyo maana kabla ya kuunganisha mapacha wa safu ya chini mimi huangalia kwanza: hiyo nafasi itakayofunguka kushoto, juu yake kuna cha kuiziba? Kama hakipo, nasubiri. Karibu ustadi wote wa mchezo huu uko kwenye kusubiri huko.

Kitu kingine kinachowachanganya wengi: kigae huungana mara moja tu kwa hatua moja. Ukisukuma kulia 2, 2, 4 hupati 8. Unapata 4, 4, na 8 ni ya hatua inayofuata. Na zikiwa 4 tatu mfululizo, zinaungana zile mbili zilizo upande unaosukumia. Ukilijua hilo, unachagua mwenyewe 8 ikae wapi.

Kuhusu kutulia: acha kukimbiza kidole. Kila hatua inaongeza 2 au 4 kwenye gridi, wastani 2.2, kwa hiyo 2048 inadai zaidi kidogo ya hatua 930 hata ukiwa fundi. Haraka haikupunguzii hata moja.

toleo_la_kwanza

Naongezea kidogo. Aliyeutengeneza ni Gabriele Cirulli, kijana wa Kiitaliano aliyekuwa na miaka 19, Machi 2014, kwa wikendi moja, akauachia msimbo wake bure. Ndiyo maana matoleo yamejaa kila kona. La asili la kwenye kivinjari lilitoka bila kitufe cha kurudisha hatua, mengine yanacho. Kwa maoni yangu kitufe hicho kinaharibu mkono, unazoea kusukuma kabla ya kufikiri. Anayetaka ugumu zaidi atafute Threes, uliotoka mwezi mmoja kabla. Huko 1 na 2 ndizo zinazozaa 3, na vigae husogea hatua moja moja.

Gumba_Tupu

Asanteni sana. Kumbe safu yangu ya chini huwa na pengo karibu muda wote, nilikuwa siiangalii kabisa. Safu_ya_Chini, swali la mwisho: nikibanwa mpaka njia iliyobaki ni juu tu? Nasukuma juu, kigae cha 2 kinaingia chini ya 512 yangu, na hapo ndipo huwa nafunga simu.

Safu_ya_Chini

Usifunge. Kwanza, angalia safu wima ya kulia kabla ya kwenda juu: kama imejaa na haina pacha, 512 haitaondoka, sukuma tu. Ikiwa ina pengo, itapanda, na hatari inategemea nafasi zilizo wazi. Zikiwa 8, uwezekano wa kigae kipya kutua konani ni 1 kati ya 8. Zikiwa 2, ni nusu kwa nusu. Kwa hiyo kama itakubidi kupanda, panda mapema, usingoje gridi ijae.

Na hiyo 2 ikishaingia konani, angalia safu mbili: ya 512 imejaa bila pacha? Ya chini ina pengo? Jibu likiwa ndiyo kote, sukuma kushoto. 512 inabaki palepale, 2 inahama, halafu chini mara moja. Kama ya 512 ina pengo, ijaze kwanza kwa vigae vya juu, na 2 iache ikae hapo ilipo. Kuna watu humaliza nafasi zote wakiihangaikia hiyo 2 moja.

nusu_macho

Nimejaribu hiyo ya safu iliyojaa. 1024. Mpira sijauona.