Sigara ya kawaida na ya kuchaji: ipi inavuruga zaidi chembe nyeupe za damu?

Mkorosho Mkavu (Newala): Wakuu, nimepima picha kamili ya damu, chembe nyeupe zimetoka 12,400. Kawaida ya mtu mzima ni kama 4,000 hadi 11,000. Malaria sina. Fegi navuta. Kijana wangu aliyeko Mtwara mjini ananisukuma nihamie hizi za kuchaji (vepu), eti ni mvuke tu. Nikihamia zitashuka?

Pweza wa Mikindani: Chembe nyeupe si ndiyo askari, mzee wangu? Zikizidi si kinga imeongezeka? 😀

Dada Maabara (Masasi): Wingi siyo uimara, kaka. Moshi wa tumbaku una kemikali zaidi ya 7,000. Unachubua mapafu kila siku, basi uboho wa mifupa unaendelea kumwaga chembe, hasa neutrofili, aina mojawapo ya chembe nyeupe. Kwa wavutaji ni jambo la kawaida, na wengi wakiacha hesabu inashuka. Ila mzee, usiitupie sigara lawama zote. Hata maambukizi yanapandisha. Rudia kipimo, daktari aangalie na mgawanyo wa chembe, yaani kila aina ni ngapi.

Shangani Boy: Mimi nimehamia ya kuchaji, kikohozi kimepungua. Haichomi tumbaku, kwa hiyo hakuna lami wala kaboni monoksaidi.

Dada Maabara: Kweli, hapo imeizidi fegi. Lakini nyingi zina nikotini, nayo inachochea adrenalini, na adrenalini pia inasukuma chembe nyeupe kwenye damu. Halafu kuna makrofaji, zile zinazomeza vumbi na bakteria ndani ya mapafu. Mwaka 2018 watafiti wa Birmingham, Uingereza, walizitia maabarani kwenye mvuke wa sigara hizo uliogeuzwa maji: nyingi zikafa, zilizobaki zikawa hazimezi bakteria vizuri. Hiyo picha ya damu haikuonyeshi. Karatasi ya majibu inaweza kusoma chembe 7,000 na kazi mapafuni imelala.

Pweza wa Mikindani: Na wale wa Marekani 2019, walioharibika mapafu kwa hizi za kuchaji? 68 walikufa.

Dada Maabara: Wengi wao walivuta mafuta ya bangi yaliyochanganywa asetati ya vitamini E. Tusiyachanganye na haya.

Mkorosho Mkavu: Ahsante mwanangu. Kwa hiyo nihamie au nisihamie?

Dada Maabara: Ukihama, hama moja kwa moja, maana wengi huishia kuvuta zote mbili. Kuacha kabisa ndiko ninakokuombea. Asubuhi ya kipimo usivute kabla ya kutoa damu, na mwambie daktari kama ulikuwa shambani unapuliza salfa, ile dawa ya ukungu wa mikorosho. Nayo inawasha mapafu.